Siku 90 za Lebo ya Chaza

Chaza anayeliwa mbichi katika mkahawa wa Nairobi amesafiri kilomita zipatazo 500 kutoka pwani, na njiani amepita mikononi mwa mkusanyaji, mchuuzi, dereva na mpishi. Kila mmoja wao anakijua kipande chake cha safari, lakini hakuna anayeijua safari nzima. Pengo hilo ndilo linalokusudiwa kuzibwa na kanuni inayofuatwa Marekani na, kwa namna tofauti kidogo, katika nchi za Umoja wa Ulaya: kila gunia au kreti ya chaza, kome na jamii yao wenye magamba mawili lije na lebo, na muuzaji aitunze lebo hiyo hata baada ya kuuza kila kilichokuwamo. Je, afisa wa afya ya umma anayekagua jikoni za Nairobi adai jambo hilohilo? Nimewasikia wapishi na wauzaji wakisema kwamba kinachomlinda mlaji ni barafu, maji safi na mikono iliyooshwa, na kwamba karatasi haijawahi kuua kijidudu. Hoja hiyo ina uzito, ila kwa chaza inafika nusu ya njia tu.

Chaza hula kwa kuchuja maji, na chaza mkubwa katika mazingira mazuri anaweza kuchuja hata lita 190 kwa siku. Bakteria na virusi vilivyomo katika maji hayo hukusanyika mwilini mwake, naye huliwa mzima, pamoja na utumbo, mara nyingi bila kupikwa. Kosa linaweza kuwa limeshatendeka baharini kabla mpishi hajanawa mikono. Barafu hupunguza kasi ya kuzaliana kwa bakteria wa jamii ya Vibrio, na kwa hilo ni ya lazima, lakini haiviondoi virusi vya homa ya ini aina ya A vilivyoingia pamoja na maji taka. Mwaka 1988 mjini Shanghai watu karibu 300,000 waliugua homa hiyo baada ya kula kombe, jamaa wa chaza, waliovuliwa katika maji machafu na kuchovywa tu katika maji ya moto. Usafi wa jikoni usingewaokoa.

Marekani nayo ilijifunza kwa machungu. Katika majira ya baridi ya 1924 kuingia 1925, homa ya matumbo iliyotokana na chaza iliwapata watu wapatao 1,500 katika miji kadhaa, ikiwemo Chicago, New York na Washington, na takriban 150 wakafa. Mpango wa kitaifa wa usafi wa chaza na jamii yao ulianzishwa mwaka 1925 kutokana na msiba huo. Leo lebo hutaja aliyevuna au aliyesambaza, namba yake ya utambulisho, tarehe ya kuvuna, mahali palipovuniwa, aina na kiasi. Hukaa kwenye gunia hadi gunia liishe, kisha huhifadhiwa kwa siku 90, zikipangwa kwa kufuata tarehe. Ulaya huwataka wauzaji waitunze kwa siku zisizopungua 60 baada ya shehena kufunguliwa na kugawanywa.

Idadi hiyo ya siku haikuokotwa hewani. Homa ya ini aina ya A hujitokeza kati ya siku 15 na 50 baada ya mtu kula chakula chenye virusi. Mgonjwa aliyeanza kuumwa siku ya 45 atakaa nyumbani siku kadhaa akidhani ni uchovu, ataenda hospitali, damu itapimwa, taarifa itaandikwa, na mkaguzi atabisha mlango wa mkahawa mwezi wa tatu ukiwa umeshaanza. Akikuta lebo zilitupwa pamoja na magamba, hana la kufuata isipokuwa kumbukumbu za kichwani, na hakuna mhudumu anayekumbuka gunia lililofunguliwa Ijumaa moja ya miezi miwili iliyopita.

Hata hivyo, lebo iliyotunzwa bila tarehe moja muhimu haisaidii sana, na nadhani hapa ndipo wengi wanapoielewa vibaya kanuni hii. Tarehe hiyo ni ya siku ambayo chaza wa mwisho wa gunia hilo aliuzwa au kupakuliwa, na ndiyo inayoanzisha hesabu ya siku 90. Chukua gunia lililopokelewa tarehe 1 na kuisha tarehe 9. Mlaji aliyekula tarehe 8 amo ndani ya mipaka ya gunia hilo, na aliyekula tarehe 12 hayumo, kwa hiyo mkaguzi analiondoa kwenye orodha ya washukiwa na kuendelea na lingine. Pasipo tarehe ya kuisha, kila gunia la mwezi huo linabaki kushukiwa, na kila mvunaji aliyelileta anabaki kushukiwa pia.

Uharibifu mkubwa zaidi hutokana na tabia ambayo jikoni huonekana kuwa ni kubana matumizi. Chaza kumi na watano wamebaki katika gunia la zamani, gunia jipya limefika, na mpishi anawamwaga wale wa zamani juu ya wapya ili chombo kimoja kitoshe kwenye jokofu. Kuanzia dakika hiyo lebo zote mbili zinasema uongo, ingawa kila moja iliandikwa kwa uaminifu. Kuchanganya huko kumekatazwa waziwazi katika kanuni za Marekani, na kama ningepewa kuchagua kosa moja la kusisitizwa katika ukaguzi, ningechagua hilo kabla ya lebo iliyochanika au mwandiko usiosomeka.

Wanaopinga wana mambo mawili mazito zaidi ya lile la barafu. La kwanza ni kwamba mzigo huanzia kwa asiyeweza kuubeba. Katika vijiji vya Kwale na Kilifi wapo wanawake wanaokusanya chaza kwenye mizizi ya mikoko maji yanapokupwa, wengine bila kalamu wala karatasi isiyolowa. Kuwataka waandike namba, tarehe na mahali kwa kila mfuko kunaweza kumpa dalali nafasi ya kuwa mwandishi wao, na hatimaye mmiliki wa soko lao. La pili linaniumiza zaidi: lebo inayotaja jina la hori, yaani mkono wa bahari walikovunwa chaza, ina maana pale tu ambapo kuna mtu anayeyapima maji ya hori hilo mara kwa mara na kulifunga yanapochafuka. Pasipo vipimo, lebo hutueleza chaza wametoka wapi, lakini haituelezi kama walifaa kuvuliwa. Tena, kila karatasi inayodaiwa na mkaguzi ni nafasi mpya ya kuombwa kitu kidogo, na mfanyabiashara wa Nairobi halihitaji somo juu ya hilo.

Nimezipima hoja hizo, na bado naona lebo inamlinda mkusanyaji kuliko inavyomkandamiza. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu za kiafya, walioumia walikuwa wavuvi wa fuo nyingi kwa pamoja, wasafi na wasio wasafi. Wasiwasi usio na anwani hufunga ziwa zima au pwani nzima, ilhali wenye anwani hufunga hori moja kwa wiki chache. Nairobi yenyewe ilipata onyo mwaka 2017, wakati kipindupindu kilipowapata watu waliohudhuria mkutano katika hoteli ya kifahari. Ugonjwa ule haukuhusishwa na chaza, lakini ulionyesha kwamba meza yenye kitambaa cheupe haitoshi kuwa dhamana.

Kwa hiyo mzigo wa kalamu uwekwe mwisho wa safari, kwa anayeuza kwa bei kubwa na mwenye jokofu na karani. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti kazi ya kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouzia umma chakula, na kaunti inaweza kuanza na chaza, kome na kombe wanaouzwa wakiwa hai, bila kuwagusa kamba, pweza wala tilapia wa soko la Gikomba, ambao hatari zao ni za namna nyingine na kwa kawaida hupikwa. Mkusanyaji apewe lebo za plastiki zenye namba ya kikundi na jina la hori zikiwa zimeshachapishwa, abakishiwe kutia tarehe na kiasi tu. Mkahawa usioweza kuonyesha gunia limetoka wapi usiruhusiwe kuuza chaza hao, lakini uliosahau kuandika tarehe ya kuisha uonywe na kufundishwa kabla ya kutozwa faini, kwa maana makosa hayo mawili hayalingani. Na bwana afya anapoingia jikoni, aombe kwanza afunguliwe jokofu, ahesabu magunia yaliyo wazi, kisha ndipo aombe faili la lebo na kulilinganisha na alichokiona kwa macho yake.