Mkanda Wangu Si wa Jeshi

Leo asubuhi nimejikuna kwenye daladala. Mimi, mtu mzima, baba wa watoto watatu, nimeingiza mkono chini ya shati nikakuna hadi dada wa pembeni akaachia kiti. Daladala ya Mbagala, saa moja asubuhi, mtu anaachia kiti! Hapo nikajua hali ni mbaya.

Chini ya kitovu nina kiraka cha vipele, cha mraba kabisa, kama mhuri wa serikali ya mtaa. Mama mwenye nyumba alikiona nikichota maji. "Mwanangu, huo ni mkanda wa jeshi." Nikamwambia mama, huu si wa jeshi, huu ni wa Kariakoo. Hakucheka. Tangu siku hiyo taulo langu linaanikwa kamba ya peke yake.

Daktari ndiye aliyemtaja mchawi: nikeli, madini yaliyomo kwenye chuma cha mkanda wangu wa suruali. Alinibandika viplasta mgongoni, kila kimoja na kitu chake, nikakaa navyo siku mbili bila kulowesha mgongo, mwezi wa pili, Dar es Salaam hii hii. Harufu waulizwe wa ofisini. Vilipobanduliwa, vyote kimya, kimoja kimeumuka. Akataka nirudi tena baada ya siku mbili aangalie upya, kwa sababu aleji hii haina haraka: unagusa chuma Jumamosi, unawashwa Jumatatu, wewe unamlaumu samaki wa Jumapili.

"Dokta, mkanda huu nimeuvaa miaka minane, leo ndiyo tunagombana?"

Akasema ndivyo ilivyo. Jasho linayeyusha nikeli kidogo kidogo, inapenya kwenye ngozi, mwili unavumilia, unavumilia, siku ukichoka ndiyo basi, hausahau tena maisha yako yote. Nina mke, nikaelewa. Dawa ya kupaka inatuliza tu. Cha maana ni kukaa mbali na nikeli.

Haya, nikaenda Kariakoo kukaa mbali na nikeli.

"Karibu bosi, mkanda wa ngozi, orijino."

"Hiki chuma chake kina nikeli?"

"Ipo bosi, ya kutosha."

"Basi sitaki."

"Haina, bosi."

"Ina au haina?"

"Kwani wewe unataka ipi?"

Nikamweleza taratibu, kwa heshima zote. Naye akanisikiliza kwa heshima zote, kisha akapiga mluzi. "Oya Mudi! Kuna mzee huku anatafuta nikeli!"

Mudi akaja mbio, mikanda sita begani. "Nikeli zimebaki hizi tu, mzee. Mzigo wa Uturuki. Elfu kumi na tano."

"Sitaki nikeli."

"Kumi na mbili."

"Kijana, nikeli inaniwasha!"

"Kumi, mzee wangu, nikufungie?"

Watu wakaanza kujaa. Muuza soksi, msomi wa kona ile, akasema nikeli ndiyo yale madini ya Kabanga, kule Ngara, mali ya mabilioni. Mudi kusikia mabilioni, mkanda ukarudi elfu kumi na tano. Nikapandisha shati niwaonyeshe ushahidi. Mama mmoja akapiga kelele, "Mkanda wa jeshi!" Kundi zima likarudi nyuma hatua mbili, muuza soksi akiongoza.

Yule kijana wa kwanza ndiye hakukimbia. Akauma kile chuma, akatafuna hewa kidogo, akatangaza: "Haina. Ingekuwemo ningeisikia."

Daktari alishaniambia kwamba Umoja wa Ulaya walitunga sheria tangu 1994: chuma kinachokaa kwenye ngozi kisiachie nikeli zaidi ya mikrogramu 0.5 kwa sentimita moja ya mraba kwa wiki. Nilimtazama Mudi, nikatazama meno ya mwenzake, nikaacha lipite. Nimenunua mkanda wa kitambaa, wa kufungia plastiki. Mwanangu wa darasa la tano anao kama huo.

Sasa mtauliza, leo kimewasha nini? Kifungo cha jinzi! Jumamosi nilikuwa msibani na jinzi, jua kali, jasho linatiririka. Kifungo nacho kilikuwa kimepakwa kinga, ila kinga yenyewe inabanduka, unapaka tena na tena. Ni rangi ya kucha isiyo na rangi. Nenda dukani wewe, na ndevu zako, useme naomba rangi isiyo na rangi. "Ya mama?" Hapana, ya suruali.

Halafu eti aleji ikiwa kali sana, hata chakula kinaichochea. Chokoleti, sawa, sijawahi kuizoea. Korosho, mimi naziona tu zikipitishwa madirishani kwenye foleni. Maharage! Mtu mwenye mshahara wangu unamwambia apunguze maharage, ahamie wapi? Nyama kilo bei gani kwani? Na hiyo nyama ukiipata, nusu mfupa, na mwenye bucha anaukata mfupa kwa tabasamu kabisa, kama anakupa zawadi.

Usiku huu ni wali maharage ya nazi, umeme umekatika, kibatari hakina mafuta, na huko nje nasikia ndala za mama mwenye nyumba, atakuwa amekuja na ile bili ya maji.

Mke wangu, mwambie nina mkanda wa jeshi.