Ile ya yai, bora niwasimulie mwenyewe

Jamani, tulizeni stika kwanza. Tangu juzi jioni simu yangu haipumui: yai lenye miguu, yai limevaa miwani, yai limelazwa kitandani na kufunikwa shuka. Wengine hata hamjui mnachekea nini, mmeona wenzenu wanatuma yai na nyie mkatuma. Yule shoga yangu, niliyedhani nimekwenda naye kwa daktari kama msindikizaji, kumbe nimekwenda na mwandishi wa habari, ameshaitangaza kwa namna yake. Kwa namna yake mimi nimerukwa na akili. Leo sikilizeni namna yangu. Nayo hainisitiri sana, ila angalau ina sababu.

Hali yangu ya miezi hii mnaijua. Naingia chumbani, nasimama katikati, naliangalia kabati, kabati linaniangalia, hakuna anayejua nimefuata nini. Majina ya watu ndiyo yameniaga kabisa. Kazini sasa kila mtu namwita "mpendwa", na kuna kaka mmoja ameanza kujipulizia manukato kwa ajili hiyo. Sikupendi, kaka. Jina lako limenitoka.

Halafu kuna kengele. Kila siku saa nne na robo asubuhi simu inalia na kuandika kwa herufi kubwa: USISAHAU!!! Alama tatu za mshangao. Nimeitega mwenyewe, kwa vidole vyangu. Nisisahau nini? Hapo ndipo penye utata. Kuifuta naogopa, maana mtu haweki alama tatu za mshangao kwa jambo la mchezo.

Nina miaka 36. Kwa umri huu mtu mwenye busara angelala. Mwenzenu usiku nafungua intaneti. Naanza na kaswali kadogo tu, "kusahausahau kunatokana na nini", kuja kushtuka niko Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1901, kwa daktari anaitwa Alois Alzheimer. Amekaa na mgonjwa wake, Auguste Deter, mama wa miaka 51. Anamuuliza jina la mumewe, mama anajibu jina lake mwenyewe. Yule mama alifariki mwaka 1906, daktari akauchunguza ubongo wake, akawaeleza wenzake alichokiona, na ugonjwa ukaja kubeba jina la daktari. Mimi nikachukua 51 nikatoa 36, nikapata 15, nikaanza kulia. Kwamba hesabu niliipata bila kikokotoo, hilo halikunijia kabisa.

Nikaendelea. Shirika la Afya Duniani linasema walioanza kuugua demensia, yaani ile hali ya kumbukumbu na akili kufifia, kabla ya miaka 65 ni hadi asilimia 9 ya wagonjwa wote. Wewe ukisoma hivyo unaona kwamba walio wengi huanza uzeeni, unashukuru, unazima taa. Mimi nilisoma asilimia 9 kama vile wameandika jina langu na la baba yangu. Nikahamia kwenye picha za ubongo. Humo ndani kuna kisehemu kinaitwa hipokampasi, ndicho kinachosaidia kutengeneza kumbukumbu mpya, na kimepewa jina la farasi wa baharini kwa sababu ya umbo lake. Huyo farasi mshikeni, atarudi.

Sasa, kosa langu kubwa (shoga hata halijui hili, ndiyo maana nawaambia niko pabaya): nikakutana na mifano ya jinsi madaktari wanavyopima kumbukumbu. Unapewa maneno matano, unayarudia, mnaongea mengine, kisha baada ya dakika kadhaa unaulizwa yale maneno. Unachorewa duara, au unachora mwenyewe, unaligeuza kuwa saa. Unataja wanyama kwa dakika moja. Nikasema aha, kumbe ni mtihani. Na mimi tangu darasa la kwanza sijawahi kuingia kwenye mtihani bila kukariri. Kulikuwa na mfano wa maneno: ndoo, kengele, bahari, kitambaa, zambarau. Nikayakariri. Nayasema nikioga, nayasema nikipiga mswaki, yanatoka na povu. Ndoo, kengele, bahari, kitambaa, zambarau. Siku ya siku nilikwenda kifua mbele.

Daktari ni kijana mpole, sauti ya chini, kalamu mkononi. "Dada, hali hii imeanza lini?"

Nikamgeukia shoga. "Imeanza lini?"

"Kama mwaka jana hivi," shoga akasema.

Daktari akaandika. "Kuna dawa yoyote unayotumia?"

Nikageuka tena. "Ile ya mafua inaitwaje?"

Akaandika. Nimesoma usiku kucha kuhusu ubongo, kumbe shingo nayo inapimwa! Alikuja kuniambia baadaye: mwenye tatizo la kweli la kumbukumbu mara nyingi humgeukia aliyekuja naye amjibie, na aliyekuja peke yake na kujieleza mwenyewe huwa anawapa matumaini. Mimi hapo shingo inazunguka kama feni, na kila ikizunguka kalamu inakwenda.

Akanipa maneno matano. Daraja, shati, msumari, kioo, njano. Nikayarudia vizuri, sauti kavu, nikajipongeza moyoni. Na hapo hapo, saa nne na robo, simu mezani ikalia. Daktari akaisoma bila kutaka, maana yale maandishi yanaonekana hata na jirani.

"Ni muda wa dawa?"

"Hapana."

"Ni wa nini?"

Shingo ikazunguka. Shoga akainua mabega.

Tukaja kwenye kuchora saa. Mishale ioneshe saa tano na dakika kumi. Huu ni mtego wenye historia, maana ile "kumi" inakuvuta upeleke mshale mrefu kwenye 10 wakati dakika kumi ziko kwenye 2. Ila waliouweka hawakutufikiria sisi: kwetu hata ile "tano" inakuvuta upeleke mshale mfupi kwenye 5, wakati kila siku ya Mungu saa tano tunaisoma kwenye 11. Nikachora sawa. Nikaangalia. Nikafuta. Nikahamisha. Nikafuta. Mwishowe saa yangu ikawa na mishale minne, mmoja una mkia. Daktari akasema "haya, tuendelee", kwa ile sauti ya kumwambia mtoto kwamba ng'ombe aliyemchora amependeza.

Sasa wanyama. Hapa naomba niende polepole, maana hapa ndipo mnapopacheka.

"Nitajie wanyama wote unaowakumbuka ndani ya dakika moja. Anza."

Nilianza vizuri, nawaapia. Simba, chui, duma, tembo, twiga, kifaru, kiboko. Wanatiririka wenyewe. Nikatupia farasi wa baharini. Daktari akainua nyusi, nikaona huyu ameelewa anaongea na nani. Kiburi kikaingia. Nikaanza kuisikiliza sauti yangu badala ya kufikiri, na ghafla kichwani kukawa kweupe. Hakuna manyoya, hakuna mkia, hakuna kwato. Nikaangaza chumbani nione kama kuna wa kuniokoa: kiti, pazia, kalenda. Kalenda ni mnyama? Si mnyama. Sekunde zinakwenda. Namsikia shoga anavyopumua nyuma yangu.

Kuku!

Nikamsema kuku kwa shukrani. Kisha jogoo. Daktari hakupinga. Kisha kifaranga. Hapo nikaona njia imefunguka mbele yangu, mantiki imenishika mkono inanivuta, nami nafuata bila kuuliza tunakwenda wapi. Kuku, jogoo, kifaranga... Nikakaa wima kitini. Nikamtazama daktari usoni. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayekula kiapo:

"Yai."

Kalamu ikasimama hewani. Feni ya juu ikasikika. Daktari akauliza taratibu, kama anayenipa nafasi ya kurudi nyumbani salama:

"Yai?"

Hapo ndugu zangu ningeweza kujiokoa. "Samahani daktari, nimeteleza" ingetosha. Badala yake, sijui ni nani aliyenifungua mdomo, nikafafanua:

"Bichi."

Shoga alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu. Akajaribu kuifanya kikohozi, ikakataa. Daktari akamwomba kwa adabu asubiri nje. Kwa hiyo hadithi mliyopewa inaishia mlangoni, na ningekuwa na akili nzuri na yangu ingeishia hapo hapo. Lakini mimi nikianza kusema simalizi nusu.

Mlango ukafungwa. Daktari akageuza karatasi. "Sasa dada, yale maneno matano niliyokupa mwanzoni, unayakumbuka?"

Lo, faraja iliyonishukia! Hili swali nilikuwa nalo. Hili nililalia na kuamkia. Nikavuta pumzi nikayamwaga bila kituo: "Ndoo, kengele, bahari, kitambaa, zambarau!"

Nikatabasamu. Daktari akaangalia karatasi yake. Akaigeuza, akaangalia na nyuma. Akaigeuza tena.

"Dada, maneno haya umepewa na nani?"

"Na wewe."

"Na mimi?"

"Wewe, daktari. Sasa hivi."

Akaweka mikono juu ya meza, akanitazama kwa huruma ambayo hata siku nimefiwa sikuwahi kutazamwa nayo. Akaanza kunieleza, polepole, kwamba wakati mwingine ubongo ukikuta pengo hulijaza wenyewe kwa mambo ambayo hayakutokea, na mtu anayasema kwa moyo safi kabisa, hadanganyi. Nikamwona Auguste amekaa pembeni yangu ananisogezea kiti. Na katikati ya maelezo yale ndipo ikanijia ndoo ni ya wapi.

Sasa chagua. Ukinyamaza, wewe ni mgonjwa. Ukisema, wewe ni mtu mzima wa miaka 36 aliyeibia mtihani wa hospitali.

"Daktari," nikasema, macho yangu yako kwenye viatu vyangu, "hayo niliyakariri nyumbani."

"Uliyakariri."

"Kwenye intaneti kulikuwa na mfano."

"Ulikariri mtihani wa kumbukumbu."

"Ndiyo."

"Yote matano?"

"Hata kinyumenyume."

Akanyamaza. Halafu akachukua faili langu, akalisimamisha mbele ya uso wake kana kwamba analisoma, na nikaona mabega yanacheza. Alikaa nyuma ya lile faili muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

Yaliyofuata ni mafupi. Akanidokeza moja moja, "kuna kitu cha kuvukia mto, kuna vazi", na mengi yakarudi. Alisema hiyo ni dalili nzuri, maana kinachorudi kwa kudokezwa kilikuwa kimeingia. Damu ikachukuliwa: tezi ya shingo, vitamini B12, wingi wa damu, kwa sababu hivyo vikienda kombo navyo humsahaulisha mtu. Vyote sawa. Ile dawa ya mafua, ya aina inayoleta usingizi, nimekuwa nikiimeza kila usiku na mafua yalishaondoka zamani. Kumbe inaweza kuufanya ubongo uwe mzito mpaka kesho yake. Akaniuliza nalala saa ngapi.

"Saa nane usiku. Wakati mwingine saa tisa."

"Unafanya nini hadi saa hizo?"

"Nasoma kuhusu kusahau."

Faili likapanda tena.

Kwa kifupi, ni usingizini ndipo ubongo unapopanga ya mchana, na mimi mchana wangu ulikuwa unakesha nami kwenye simu. Dawa nimeacha, simu inalala sebuleni, na nimepewa tarehe ya kurudi. Akasema nisiingoje kama nitaanza kupotea kwenye njia ninazozijua au kushindwa kazi ninazozifanya kila siku, na siku hiyo nije na mtu. "Ila si yule," akasema.

Nje nikamkuta yule, kidole gumba kimepata moto kwa kuandika. Nikasema huyu lazima nimlipize. Nikashika saa: "Taja wanyama, dakika moja, tuone." Si nilitegemea atakwama kwa kuku kama mimi? Mwanamke akafungulia. Pofu, kuro, nyegere, nungunungu, mhanga, pimbi, komba. Akamtaja hadi kakakuona! Nani anamkumbuka kakakuona bila kutishwa? Nikazima saa kabla ya muda, nikamwambia dakika imeisha.

Haya yote nilimtumia kwanza yeye kabla ya kuwawekea hapa, ili asije akasema nimemsingizia. Nilimwomba asome kwa utulivu, hasa kuanzia pale alipotolewa nje, kisha aniambie kama kuna cha kurekebisha.

Amejibu sasa hivi. Hakuandika neno. Ametuma picha ya ndoo.