Ami yangu hana duka

Juzi nilimsindikiza ami yangu kwenye ofisi moja kujaza fomu ya mkopo wa biashara ndogo. Ami ni seremala wa nakshi hapa Amu, yaani Lamu, na mikono yake ina makovu ya patasi tangu sijazaliwa. Karani alimuuliza, "Mzee, unauza nini?" Ami akajibu: milango, vitanda, viti. Karani akabonyeza kompyuta yake: rejareja, bidhaa nyinginezo. Basi. Mtu aliyeingia pale fundi akatoka mwenye duka.

Tulirudi kwa usita wa mui, njia kuu ya mji, bila neno, mpaka karibu na nyumbani akasema, "Mwanangu, mimi duka nalifungua lini?"

Sijalala vizuri tangu siku ile. Kosa lilianzia kwenye swali. Ami aliulizwa anauza nini, hakuulizwa anatengeneza nini. Kila fundi duniani anauza. Asipouza atakula nini? Lakini nambari za ISIC, orodha ya kimataifa ya kupanga kazi za kiuchumi, ambazo Umoja wa Mataifa ulizianzisha mwaka 1948 na ambazo mfumo wetu wa Kenya umejengwa juu yake, zinaangalia kazi inayofanywa. Mwenye kununua kiti na kukiuza kama kilivyo yumo kwenye herufi G, biashara, na rejareja ni 47. Mwenye kuchukua gogo akalifanya kiti yumo kwenye herufi C, uzalishaji, kuanzia 10 hadi 33. Tena maelezo yake yako wazi: uwe unatumia mashine au mkono, uwe kiwandani au nyumbani kwako, hata ukimuuzia mteja palepale ulipotengenezea, wewe ni mzalishaji. Waoka mikate na washonaji wa nguo za kupimwa wametajwa humo kama mfano. Vipi basi seremala wa Lamu apotee?

Ukizisoma nambari hatua kwa hatua hazitishi. 16 ni kazi za mbao, 162 ni vitu vilivyotengenezwa kwa mbao, 1622 ni useremala wa majengo: milango, madirisha, fremu. Samani ziko mbali, 3100. Na kwa kuwa ami anafanya vyote viwili, nambari yake kuu inafuata kazi inayoongeza thamani zaidi, si lazima ile yenye mauzo makubwa. Tuseme mlango umeuzwa shilingi 90,000, na mbao, misumari na msasa vimekula 35,000. Thamani aliyoiongeza ni 55,000. Viti vimeuzwa 100,000 lakini vifaa vimekula 60,000; kimebaki 40,000. Mlango ndio unaomtambulisha. Hesabu hiyo tuliifanya barazani kwa kalamu na karatasi, na ami aliielewa kabla sijamaliza kuandika, kwa sababu ndiyo hesabu anayoishi nayo kila siku.

Kuna atakayesema nambari haileti mbao. Kweli, hailetei mtu mbao. Na karani naye ana foleni ndefu na orodha ndefu kuliko foleni, hilo nalikubali. Lakini mwenye duka hupimwa kwa bidhaa zilizoko rafuni na mauzo ya kila siku. Ami hana rafu. Mlango mmoja wa nakshi unaweza kumchukua wiki nyingi, pesa zake zote zikiwa zimelala kwenye mbao. Ukimpangia marejesho ya mwenye duka umemfunga kitanzi. Na siku wapangaji wa maendeleo watakapofungua takwimu kutafuta wazalishaji wa Lamu, watakuta maduka, watakuta bodaboda na hoteli, halafu watatuambia hapa hakuna viwanda. Mji ulioingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, mji ambao watu huvuka bahari kuja kuangalia milango yake, usiwe na watengenezaji milango kwenye daftari! Hilo linaniuma kuliko mkopo wenyewe.

Matondoni, kijiji cha waunda vyombo hapa Lamu, mambo ni magumu zaidi. Fundi yule yule, kwa tezo ile ile, akiunda mashua ya mvuvi yuko 3011. Akiunda ya starehe au michezo yuko 3012. Akikaa kutia kalafati, yaani kuziba nyufa, chombo kikuukuu cha jirani amehamia 3315. Hapo hata mimi ningekosea. Lakini zote tatu ni herufi C. Kina mama wanaoshona kofia za vito wako 1410, wasuka mikeka 1629, mafundi wa viatu wa Siyu 1520, wakamua mafuta ya nazi 1040, na mpishi wa halwa 1073. Hakuna hata mmoja kati yao aliye 47.

Mafundi wetu nao wengine wanalikimbia neno kiwanda, wakihofia kodi. Nawaelewa. Hata hivyo, nawaomba kabla ya kutia sahihi muulize mmeandikwa nini, na mkiambiwa "biashara tu", msiondoke dirishani.

Jumatatu tunarudi. Nimeandika 1622 kwenye karatasi kwa wino mzito, na chini yake hesabu ya mlango. Ami amesema atabeba na patasi yake.