Nyuzi 16 na madirisha wazi
Sielewi kwa nini katika ofisi yetu hapa Dar es Salaam kiyoyozi huwekwa nyuzi 16 tangu asubuhi, kisha wanaoona baridi, badala ya kukipandisha hadi 24 au 25, hujitanda khanga na kufungua madirisha, ili ubaridi tunaoulipia utoke nje kupoza barabara. Kiyoyozi chetu, ambacho ni cha aina ya zamani, hakipozi chumba haraka zaidi kwa kushushwa hivyo. Kompresa yake hufanya kazi tu bila kupumzika, kwa kuwa joto la nje linaingia muda wote. Jioni kila mtu hubeba mkoba wake na kuondoka huku kikiendelea kunguruma, na mlinzi, masikini, hana ufunguo wa ndani. Umeme ukiisha, eti LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, inatuibia!