Bibi, huyu mtoto ni wa nani?

Jamani, hii ya kupanda ndege na mjukuu hapa Mtwara inachosha. Ukipiga simu kuuliza, unaambiwa njoo na cheti cha kuzaliwa, basi. Unafika kaunta, korosho za watu zimeshapimwa, ndipo kijana anakigeuzageuza cheti: "Bibi, mbona kimeandikwa kwa mkono?" Mwanangu, vyeti vya RITA, wale wakala wa kusajili vizazi, vya watoto wa chini ya miaka 5 ndivyo vilivyo, vinaandikwa palepale zahanati, bure! Hajatosheka, anataka barua ya ridhaa ya mama na nakala ya kitambulisho chake. Ulinzi wa watoto siupingi, wezi wa watoto wapo. Ila kwenye simu mlishindwa nini kusema? Mama mwenyewe yuko Dar anatusubiri, barua naitoa wapi saa hizi?