Sindano ya pepopunda na swali la maaskofu

Mwaka 2014 jirani yangu wa Kayole, Nairobi, alikuwa na mimba ya miezi sita. Kliniki aliambiwa achanjwe pepopunda. Jumapili, kanisani, akasikia kwamba sindano hiyo hiyo ina homoni ya kufunga kizazi. Alikuja kwangu amekumbatia kijitabu chake cha kliniki. "Sasa nimwamini nani, dada, nesi ama padri?"

Maaskofu wa Katoliki nchini Kenya, walioitilia shaka chanjo hiyo, hawakuizua shaka yao hewani. Kampeni ya chanjo ililenga wanawake wa miaka 14 hadi 49, wakauliza: mbona wanaume wanaochomwa misumari kila siku wameachwa? Tena ni kweli kwamba watafiti nchini India walikuwa wamewahi kuunganisha homoni ya mimba na sumu ya pepopunda iliyoondolewa makali, ile inayotumika kwenye chanjo, ili mwili uipige vita homoni hiyo; walikuwa wakitafuta chanjo ya kuzuia mimba. Anayeijua historia hiyo ana haki ya kuuliza.

Lakini sababu ya kuchagua wanawake ipo, nayo inauma. Kitovu kikikatwa kwa wembe mchafu, baada ya siku chache taya za mtoto hukaza, akashindwa kunyonya, mgongo ukapinda kama upinde. Mtoto huyo hajapata chanjo yake mwenyewe bado. Kinga anayozaliwa nayo ni ile mama aliyompitishia tumboni.

Maaskofu walitoa majibu ya maabara yaliyosema homoni imeonekana. Shirika la Afya Duniani na Serikali zikakanusha. Vipimo vinavyotafuta homoni hiyo ni vya mimba, navyo vimeundwa kwa damu na mkojo wa binadamu. Ukivitumia kwenye chupa ya chanjo, huwezi kuyategemea majibu yake. Hapa nasimama na sayansi bila kusita. Uhai unaanza lini, ndoa ni nini: hayo Kanisa lina sauti yake, nami naisikiliza. Kilichomo ndani ya chupa ni kazi ya maabara.

Hata hivyo, maaskofu walipolalamika kwamba umma haukuelezwa vya kutosha, walikuwa na hoja. Na neno lao lina uzito kwa sababu Kanisa lenyewe lina hospitali na zahanati, na linachanja. Mwaka 2019, chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kutolewa kwa wasichana wa miaka 10, madaktari Wakatoliki waliipinga pia, na wazazi wakabaki na maswali yale yale.

Jirani yangu alirudi kliniki. Nesi aliketi naye kwenye benchi karibu nusu saa, akamsimulia mtoto aliyemwona akifa kwa pepopunda, kisha akangoja. Mama akakunja mkono wa blauzi mwenyewe.