Mwezi Mzima Nangoja Maganda

Jamani, kosa langu mimi ni malimao 12 tu.

Mti wa jirani umeinama upande wetu, na msimu ukifika yanadondoka juu ya bati usiku kucha, pu, pu, kama kuna mtu anatudai. Hapa Mwanga, Kigoma mjini, wakati huo limao hata umgawie nani, naye anakuuliza kama unataka ya kwake. Binti yangu Sikudhani, anayesoma Dar, akanipigia: "Baba usiyatupe. Moroko wanayashindilia chumvi kwenye chupa, yanakaa mwezi, yanakuwa kiungo cha mboga." Msomi kasema. Nikaingia kazini.

Chumvi laini ya pakiti nikaikataa. Mtu wa Kigoma anunue pakiti, na Uvinza hapo watu wanatengeneza chumvi tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita? Nikaenda sokoni nikapimiwa ile ya chengachenga, nusu sado. Mama Sikudhani akaniuliza kama nimepata tenda ya kukausha samaki wa ziwa zima.

Limao unalipasua mara nne, ila kisu kisifike chini, libaki limeshikana kitakoni. Unalipanua, unalijaza chumvi, unalishindilia chupani mpaka litoe maji. Sasa kidole gumba changu nilikuwa nimekikata na wembe juzi yake. Limao la tatu hivi, chumvi na maji ya limao vikakutana mle ndani. Sitii chumvi hapa, yote niliitia kwenye chupa: mtu aliyekuwa anapita na baiskeli alisimama akauliza kama kuna msiba.

Halafu maji yasipoyafunika yanaota ukungu. Nikakamua mengine manne juu yake, kwa mkono wa kushoto.

Kutengeneza ni nusu saa. Tabu ni kukiambia kitu kikae mwezi mzima ndani ya nyumba ya watu saba. Mdogo wao nilimkuta anachovya kidole na kulamba, macho kafumba, machozi yanatoka, na anarudia. Fundi aliyekuja kuziba bati aliiona chini ya meza, akanivuta pembeni: "Mzee, ile ni ya kiuno? Nipimie kidogo." Nilivyokataa, akaongeza bei ya misumari.

Wiki ya pili mfuniko wa chupa, ule wa bati, ukaanza kulia machozi ya kahawia. Chumvi na limao, bati litaponea wapi? Nikachukua mfuniko wa plastiki wa kopo la siagi. Siagi ikabaki wazi, sisimizi wakaalikana, na hiyo ikawa kesi nyingine.

Wiki ya tatu akaja mama mkwe kutoka Ujiji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba Sikudhani, kilichofungwa chini ya meza ni nini?"

"Achari, mama."

"Achari!" Akainama akaitazama. "Achari inaanikwa juani mkwe wangu, ikalainika, ikabadilika rangi, ikatiwa pilipili. Hii wewe umeifunga jela. Na mbona inatoa mapovu?"

Nikaanza kumweleza habari za Moroko. Alikuwa ameshahamisha mkeka wake kwenda chumba cha pili.

Mwenyewe nilijiona mjanja wa mahesabu. Nilishindilia siku ya mbalamwezi, nikasema mbalamwezi ijayo nafungua, tunakula na mgebuka mbichi, wale samaki wa ziwani wanaovuliwa usiku kwa taa. Mtu niliyezaliwa hapa hapa! Mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi zinawavuta nani? Nilifika mwaloni Kibirizi nikakuta mitumbwi imepumzika na wenyewe wanacheza bao. Ikabidi jogoo alipe, maana mkwe yupo, na huwezi kumwandalia mkwe chupa.

Nikatoa limao moja. Limelainika kama sikio la mtoto, linanukia vizuri, ukweli lazima niuseme. Nikalisuuza, nikakwangua nyama yote ya ndani nikaitupa, nikaanza kukatakata ganda. Mama Sikudhani akasimama mlangoni na mwiko.

"Subiri. Limao lenyewe umetupa?"

"Kinachotumika ni ganda."

"Mwezi mzima, nusu sado ya chumvi, siagi yangu, tunangoja maganda?"

Sikumjibu. Nikatia kwenye mchuzi.

Tulikula na ugali wa muhogo, kimya. Mama mkwe akachukua paja, akachovya tonge, akachovya tena, akafuta bakuli kwa kidole hadi likang'aa. Kisha akasema, "Imekosa pilipili."

Asubuhi alipoaga nilimsindikiza hadi kituo cha daladala. Kikapu alikataa nisimbebee, alikipakata mwenyewe. Niliporudi, chini ya meza nilikuta mfuniko wa bati, ule wenye kutu.